Nimeambiwa nina usonji nikiwa na miaka 43

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Moshi. Baada ya mwanangu kugundulika kuwa na usonji, daktari alinihoji kuhusu utoto wangu, na hatimaye akaniambia kuwa nami ninao. Ukweni huniona mwenye maringo, kwa kuwa kila Desemba tunapopanda Rombo na ukoo ukakusanyika, mimi huenda kukaa peke yangu kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Je, hali hii imenianza ukubwani? Na je, niwaeleze?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usonji hauanzi ukubwani. Ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, na kwa kiasi kikubwa hurithiwa, ndiyo maana baadhi ya wazazi hujitambua baada ya watoto wao kupimwa. Haukuletwa na chanjo wala laana. Kilichochelewa ni utambuzi: vigezo vya Marekani vya mwaka 1980 vilimlenga mtoto mwenye kasoro kubwa ya usemi, na kundi la wasiochelewa kusema liliongezwa mwaka 1994, kabla ya makundi yote kuunganishwa mwaka 2013. Msichana aliyezungumza vizuri na kushika namba haraka nani angemtilia shaka? Isitoshe, wasichana wengi wenye usonji hujifunza mapema kuwaiga wenzao, wakajilazimisha kutazamana na watu machoni na kucheka wanapocheka wengine, na juhudi hiyo, ikiendelea kwa miaka mingi bila mtu kuiona, huchosha mwili na moyo. Nadhani uchovu huo ndio unaokupeleka kihambani, wala si maringo.

Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, ila wasiwasi na kukosa usingizi vinavyoandamana nao hutibika, kwa hiyo usiache kumweleza daktari wako.

Kuhusu ukweni, anza na mumeo, kisha yeye ndiye azungumze na mama yake, kwa sababu neno la mwana hupokelewa kwa urahisi zaidi. Si lazima ataje usonji. Inatosha aseme kwamba kelele za watu wengi hukuumiza, na kwamba utapumzika kisha utarudi. Nawe omba kazi yenye mwanzo na mwisho, kama kupika machalari, ili uwe pamoja nao bila kulazimika kuzungumza mchana kutwa. Shuleni huna wajibu wa kumwambia mtu yeyote; ukihitaji kusahihisha madaftari mahali penye utulivu, omba hilo tu.