Homoni moja, majibu mawili

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Likoni, miaka 41. Pete ya ndoa ilinibana mpaka sonara akaikata, viatu nimetoka namba 42 hadi 44, na kofia yangu ya kiua hainiingii tena. Daktari anashuku uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Nilipimwa homoni ya ukuaji ikawa juu. Maabara ya pili wakasema ni ya kawaida. Nani ananidanganya?
Dereva, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Huenda hakuna aliyekudanganya. Nimestaafu kazi ya maabara, na malalamiko haya nimeyazoea.

Tezi hiyo, pituitari, ina uzito wa kama nusu gramu tu. Homoni ya ukuaji huitoa kwa mafungu, na fungu kubwa huja mtu akishikwa na usingizi. Wewe mtu wa Likoni unajua: feri ikifunga gatini, watu wanamwagika barabarani, muda si muda, kweupe. Ukihesabu mara moja tu umebahatisha. Kwa mtu mzima mwenye afya, kati ya fungu na fungu homoni hiyo hushuka hata karibu isionekane. Penye uvimbe unaoitoa, mafungu huzidi na katikati haishuki ipasavyo. Damu moja ya kubahatisha haiwezi kukuonyesha hilo.

Kwa hiyo omba kipimo cha IGF-1. Hii ni homoni nyingine, hutengenezwa zaidi na ini kwa amri ya homoni ya ukuaji, na hairukiruki kwa saa. Husomwa kulingana na umri wako. Ikiwa juu, utaitwa asubuhi hujala kitu, unywe glukosi gramu 75, kisha utolewe damu kila nusu saa kwa saa 2. Ni tamu ya kuchefua, jikaze. Kwa mzima, sukari ile huishusha homoni chini ya nanogramu 1 kwa mililita. Mwenye akromegali, yaani ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi, haimshuki hivyo, na wengine huwapanda. Kama una kisukari sema mapema, maana kipimo hiki huenda kisikufae.

Kila homoni ina saa yake. Kortisoli, homoni ya msongo, huwa juu asubuhi na chini kabisa usiku wa manane; ikikataa kushuka usiku, ndipo tunaposhuku ugonjwa wa Cushing, yaani kortisoli kuzidi mwilini. Ndiyo maana nilikuwa nikiwarudishia wauguzi karatasi isiyoandikwa saa, na walinichukia kwa hilo.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Ukiwa barabarani, pikipiki inayokupita ubavuni unaiona ikija, au unashtukia iko mbele? Uvimbe ukipanda juu hubana mishipa ya macho, na mara nyingi pembeni ndiko kunakopotea kwanza. Ikiwa unashtukia, egesha tuktuk leo, upimwe macho kabla ya kubeba abiria mwingine. Na kichwa kikikuuma ghafla kupita kiasi, ukatapika au macho yakafifia, usingoje kuche: nenda hospitali usiku huohuo.