Kaa pembeni ya mtumiaji, funga mdomo: kwa mnaoanza kazi za tovuti

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi za tovuti na app, naandika haya kwa sababu kila mwaka napokea vijana wa field na waajiriwa wapya wawili watatu, na karibu wote wanajua kuandika programu vizuri tu, ila hawajawahi kukaa hata dakika kumi wakamwangalia mtu akihangaika na kitu walichokitengeneza. Mimi pia nilianza hivyohivyo.

Kuna fomu ya kujisajili tuliwahi kutengeneza, ofisi yenyewe siitaji, tukaipitia wenyewe kwenye laptop zetu tukaona iko poa, tukaiachia. Siku ya pili akaja mama mmoja mapokezi na simu yake ina ufa kwenye kioo, anasema inagoma. Nikakaa pembeni yake. Akafika kwenye namba ya simu akaiandika kama anavyoiandika siku zote, inaanzia 07, kumbe mfumo wetu unataka ianzie 255, yakatokea maandishi mekundu ya Kiingereza kwamba alichoingiza si sahihi, basi, hata sehemu yenye kosa hayakuitaja. Yule mama hakugusa namba. Alirudi juu kabisa akafuta jina lake akaliandika upya, akidhani labda jina ndo limekosewa, akabonyeza, mekundu tena, akafuta tena, mara ya tatu akaniangalia akasema "mwanangu, haya mambo mimi siyawezi". Iliniuma kwelikweli. Huyu ni mtu anayetuma na kupokea hela kwa simu kila siku bila kukosea hata shilingi, halafu sisi tumemfanya ajione hajui. Kupokea namba kwa njia zote, yenye sifuri, yenye 255, yenye nafasi katikati, ilikuwa kazi ya mchana mmoja tu.

Na maneno jamani, maneno ndo yanaumiza watu kimyakimya. Tulikuwa tumeandika "nywila", neno sahihi kabisa, kamusi inalo, lakini watu walikuwa wanafika pale wanasimama. M-Pesa imeingia Tanzania 2008, watu wameshazoea kuulizwa namba ya siri, basi tukaandika "neno la siri" wakapita bila kuuliza. "Wasilisha" tukaibadilisha ikawa "Tuma". Sio kwamba nadharau Kiswahili sanifu, nakipenda sana, ila neno la kwenye kitufe lazima mtu alitambue kabla kidole hakijatua.

Sasa mkienda kupima, msiulize "umeipenda?" maana kwetu hapa mtu atakujibu nzuri sana ili asikuvunje moyo. Mpe kazi ya kufanya, mwambie jisajili halafu angalia deni lako, atumie simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe, muombe aseme kwa sauti anachowaza, halafu wewe nyamaza. Hapa kwenye kunyamaza ndo wengi wanashindwa, mkono unawasha kutaka kumwonyesha kitufe kilipo. Usimwonyeshe! Ukimwonyesha hutajua angekitafuta wapi. Na msisubiri bajeti kubwa, Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima tovuti kwa watumiaji, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha matatizo mengi, upime na watano, urekebishe, upime na watano wengine, ni bora kuliko kukusanya 15 kwa mpigo. Mimi nakubaliana naye, ila kama watumiaji wenu ni makundi tofauti, tuseme wanafunzi na wastaafu, kila kundi litafutie watu wake.

Kuhusu ubunifu kazini, ukiwa mgeni ukasema kwenye kikao "nina wazo" watakusikiliza kwa heshima na itaishia hapo. Njoo na ulichokiona. Mimi niliomba ruhusa kwa mtumiaji nikarekodi skrini sekunde 40 hivi, bosi akaangalia mara moja tu akauliza lini tunarekebisha.

Vile vikaratasi vya kunata mnavyobandika kwenye monita vilianza na kero ndogo kama hiyo. Pale kampuni ya 3M, Marekani, Spencer Silver alikuwa anatafuta gundi kali, mwaka 1968 akapata gundi dhaifu inayoshika na kubanduka, akazunguka nayo ofisini miaka akiwaelezea wenzake kwenye semina za ndani. Mwenzake Art Fry alishamsikia, naye alikuwa anaimba kwaya kanisani, vikaratasi alivyowekea alama kwenye kitabu cha nyimbo vikawa vinadondoka, mwaka 1974 ndo akaikumbuka ile gundi. Madukani kote Marekani vikafika 1980. Kilichonigusa mimi ni kwamba kero alikuwa nayo mkononi, lakini bila kuhudhuria ile semina asingejua kwamba dawa yake ipo kampuni hiyohiyo.

Ndo maana nawasisitizia fidi, yaani RSS, njia ya kuletewa habari mpya za tovuti ulizochagua, zote sehemu moja. Ni kitu cha tangu 1999, wengi walidhani kimekufa Google Reader, programu ya Google ya kusomea fidi, ilipofungwa Julai 2013, lakini podikasti mnazosikiliza mpaka leo zinasafiri humohumo. Pakua Feedly au Inoreader, nazo ni za kusomea fidi, weka vyanzo kama kumi, vya usanifu wa tovuti, vya usalama, na BBC Swahili ili ujue watu unaowatengenezea wanaishi kwenye hali gani. Soma vichwa vya habari dakika 20 asubuhi, kisha funga. Chanzo kikipita mwezi bila kukupa kitu, kifute. Kwenye magrupu ya WhatsApp habari inakufikia ikiwa imeshapindishwa na watu sita, kwenye fidi unaipata kwa aliyeiandika. Na kila Ijumaa chagua moja tu uitume kwa timu, na mistari miwili ya kueleza inawahusu vipi.

Ila Jumatatu, kabla hujafungua hiyo Feedly, shuka getini kwa mlinzi, msalimie, mnunulie chai, muombe dakika kumi ajaribu kujisajili kwenye mfumo wenu kwa simu yake.