Uso wangu ulipovimba, nikaacha dawa

Juzi dada mmoja wa Goma aliniandikia: "Yaya, sasa naweza kujisuka mwenyewe. Hii prednisoloni inanivimbisha uso, nimeiacha tangu Jumatatu." Nilimpigia palepale, mikono ingali inanuka samaki wadogo wa sambaza. Sote wawili tuna dematomiositi, ugonjwa unaovimbisha misuli na ngozi na kutunyima nguvu, na prednisoloni ndiyo dawa yetu ya kuutuliza.

Kwangu ilianza na ngazi. Hapa Bukavu mtu wa Kadutu anaishi kwa kupanda, nami nikaanza kusimama katikati ya njia. Kisha nikashindwa kuinuka kwenye kigoda, na beseni likakataa kufika kichwani. Kope zikawa za zambarau, vifundo vya vidole vikatoka vipele vyekundu vyenye magamba. Nyumbani wakasema uvivu, halafu wakasema karuho, yaani nimelishwa sumu. Miezi minne nilitapishwa dawa za miti. Hilo bado linaniuma.

Mwishowe daktari alipima kreatini kinase, kimeng'enya kinachovuja misuli inapoharibika. Yangu ilipita 4000. Ya mwanamke mzima kwa kawaida huwa chini mno ya hapo. Dematomiositi.

Ikilia mbiu ya mgambo kuna jambo, walisema wazee. Wapiga mbiu wa mwili ni saitokini, protini ambazo chembe za mwili hutumia kupashana habari. Virusi vikiingia, chembe hutoa saitokini ziitwazo intaferoni kuzionya chembe jirani. Katika ugonjwa huu intaferoni za aina ya kwanza hulia kwenye ngozi na misuli ingawa hakuna mgeni. Vimishipa vidogo vya damu huharibika, na nyuzi za misuli za pembeni mwa fungu hunyauka. TNF na intaleukini-6, saitokini nyingine, nazo huchochea uvimbe.

Prednisoloni huwapunguza wapiga mbiu hao, ndiyo maana nguvu hurudi kabla hawajanyamaza kabisa. Mimi niliiacha mwezi wa tatu wa kuitumia, kwa aibu ya uso wa mviringo sokoni. Siku kumi na mbili baadaye fufu ilikuwa hainipiti kooni.

Basi ndugu zangu, msiache! Vidonge vikishatumika muda mrefu, tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ambazo hutoa homoni ya mwili inayofanana na dawa hii, hulala, na kukata ghafla kunaweza kuua. Vipunguzwe kidogo kidogo na daktari, na kreatini kinase irudiwe kupimwa. Uso ukikusumbua, muulize kuhusu metotreksati, dawa nyingine ya ugonjwa huu, lakini usiinywe ukiwa na mimba. Watu wazima, ombeni pia mchunguzwe saratani, maana wakati mwingine huandamana na ugonjwa huu. Nasema tena: msiache.

Dada wa Goma alirudi kwa daktari wake jana. Leo asubuhi amenitumia picha: kidonge kiko kiganjani.