Uliza Daktari wa Wanyama: Faru nae anapata faibroidi?

Toleo lililopita nilidokeza kwamba faru jike asipozaa kwa miaka mingi kizazi chake kinaharibika, basi simu haijapumzika. Nimeacha maswali ya mbwa na paka, wiki hii ni faru mwanzo mwisho.

Dokta habari za kazi. Mi nilifanyiwa opresheni ya faibroidi mwaka juzi, ndo maana ile habari yako ilinigusa. Ivi ni faibroidi hizi hizi zetu au ni kitu kingine? Na mnyama wa porini nani anamwambia kwamba anaumwa? (Mama Latifa, Tandika)

Pole sana mama, na nashukuru umepona. Ni zile zile, yani uvimbe unaoota kwenye misuli laini ya kizazi na mara nyingi sio kansa. Kizazi cha faru kina matawi mawili marefu, mimba inakaa kwenye tawi moja, afu mlango wa kizazi umejaa mikunjo inayoingiliana kama vidole vilivyofumbatana, kwahiyo hata mtaalamu akitaka kupitisha mrija wa mbegu anahangaika kweli kweli.

Sasa sikiliza inavyokuwa. Porini faru mweusi jike anaanza kuzaa akiwa na miaka sita saba hivi, anabeba mimba miezi kama 15, ananyonyesha, afu baada ya miaka miwili na nusu mpaka minne anazaa tena. Yani sehemu kubwa ya maisha yake ana mimba au ananyonyesha, na sehemu kubwa ya muda huo mzunguko wa homoni umesimama. Jike aliyekaa peke yake hana hayo mapumziko, homoni zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, mwaka hadi mwaka, na hapo ndo vinaanza vifuko vya maji na uvimbe mpaka mwisho anakuwa hawezi tena kushika mimba hata umletee dume wa aina gani. Hili limeonekana sana kwa faru weupe waliofugwa zoo na kwa faru wa Asia, na wale wa Sumatra linawapata hata porini kwa sababu wamebaki wachache mno, jike anaweza kuzeeka hajakutana na dume. Faru wa mwisho wa Malaysia alikuwa jike wa aina hiyo ya Sumatra anaitwa Iman, alikamatwa msituni kule Sabah mwaka 2014 ili azalishwe, kumpima wakakuta kizazi kimejaa uvimbe tayari. Mwaka 2017 uvimbe ukapasuka akavuja damu nyingi, wakamuokoa, lakini tarehe 23 Novemba 2019 akafa. Malaysia haina faru tena.

Kuhusu nani anamwambia, hamna. Faru anakula na kutembea kama kawaida na uvimbe wake tumboni, mpaka apigwe altrasaundi kupitia njia ya haja kubwa ndo unaona.

Naomba niseme jambo moja kwa mkazo, maana najua maneno ya mtaani. Hii habari ya faru msiichukue mkaenda kumsema nayo dada au wifi ambae hajazaa. Faibroidi kwa binadamu zina sababu zake, wanaozaa wanapata na wasiozaa wanapata, anaeumwa aende hospitali na asisimangwe na mtu.

Kuna mzee hapa mtaani anasema unga wa pembe ya faru unaleta nguvu za kiume, eti ushahidi ni kwamba faru akipanda jike anachukua muda mrefu sana. Ni kweli? (Kijana wa Kariakoo)

La muda ni kweli, faru akipanda anaweza kukaa nusu saa na zaidi na anamwaga mbegu mara kadhaa humo humo. Ila pembe haihusiki hata kidogo mdogo wangu. Pembe ya faru ni keratini, kitu kile kile cha kucha zako na nywele zako, imeota juu ya ngozi ya pua na ndani hamna hata mfupa. Ukitafuna kucha zako umepata dawa hiyo hiyo, yani hamna.

Viungo vyenyewe vya uzazi viko kwingine kabisa. Korodani za faru hazining'inii kama za ng'ombe au mbuzi, zimefichwa ndani ya mikunjo ya ngozi, ndo maana ukimwangalia kwa mbali unaweza kumkosea jike na dume. Na uume wake ukiwa umetulia unaelekea nyuma, kwahiyo dume anakojoa kwa kurusha nyuma, anapulizia vichaka kama anamwagilia bustani ili madume wenzake wajue hapa pana mwenyewe.

Kwa sababu ya biashara ya pembe, faru weusi wa Afrika nzima walitoka kama 65,000 mwaka 1970 wakabaki kama 2,400 katikati ya miaka ya 90. Sasa hivi wamepanda kidogo, wamepita 6,000, na bado wako kwenye kundi la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Mwambie huyo mzee, na umwambie kwa heshima.

Wale faru wawili wa Kenya, mama na mwana, kwanini wasiwekewe tu mbegu wazae? Mbona ng'ombe inawezekana? (Neema, Kimara)

Neema hili swali linaniuma. Najin amezaliwa 1989, mwanae Fatu 2000, wote zoo ya Dvůr Králové huko Czech, wakaletwa hifadhi ya Ol Pejeta kule Kenya mwezi Desemba 2009. Ndo faru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani, wote majike. Sudan, baba yake Najin, alikufa Machi 2018 akiwa na miaka 45.

Mbegu zipo, za madume waliokwishakufa, zimegandishwa. Shida ni pa kuzipandikiza. Fatu kizazi chake kimeharibika. Najin miguu ya nyuma ni dhaifu haiwezi kubeba uzito wa mimba, na mwaka 2021 altrasaundi ilionyesha vivimbe kwenye kizazi na mlango wake, pamoja na kifuko cha sentimita 25 kwenye ovari ya kushoto. Chukua rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 uitazame, upana wake unaikaribia. Wakaamua apumzishwe, asitolewe mayai tena.

Kwahiyo limebaki yai la Fatu. Ng'ombe unaingiza mkono unaishika ovari, faru ovari iko mbali, kama mita moja na nusu ndani. Anapigwa dawa ya usingizi, kifaa kirefu chenye altrasaundi na sindano kinapitishwa njia ya haja kubwa, sindano inatoboa ukuta wa utumbo kufuata vifuko vya mayai, na pembeni yake kuna mishipa mikubwa ya damu, ukikosea umemuua mnyama. Mayai yanapandishwa ndege kwenda maabara ya Avantea pale Cremona, Italia, yanarutubishwa na mimba changa zinazopatikana zinagandishwa. Mara ya kwanza walifanya Agosti 2019.

Atakaebeba ni jike wa faru weupe wa kusini, ndugu zao. Na imeshajaribiwa, Septemba 2023 wakampandikiza mmoja mimba changa ya faru wa kusini kwanza, ikashika! Afu mvua kubwa zikaja, maji yakafukua bakteria ardhini, yule mama akaambukizwa akafa na mimba ya siku 70. Walipompasua wakakuta kitoto dume cha sentimita 6.4. Hebu nyoosha kidole chako cha shahada ukiangalie, hakizidi hapo sana, lakini ndo kilichoonyesha kwamba njia inafanya kazi.

Mwanangu anauliza faru ananyonyesha wapi, maana picha zote hatuoni maziwa. (Baba Junior, Mbagala)

Chuchu ziko mbili, katikati ya miguu ya nyuma. Nilimuona mtoto Mkomazi, mama kasimama anatafuna kichaka hana habari, kitoto kimejipenyeza kutokea ubavuni, kinasukuma kwa pua kama mwanambuzi aliyechelewa. Mwambie Junior pia mtoto wa faru mweusi anakimbia nyuma ya mama yake, wa faru mweupe anakimbia mbele.

Faru John alihamishwa Ngorongoro kwa sababu gani hasa? Sisi tulisikia tu alikuwa mkorofi. (Msomaji wa Sinza)

Alihamishwa Desemba 2015 kupelekwa Grumeti na alikufa mwaka uliofuata, na kelele zake nchi nzima ilisikia. Maelezo ya wakati ule ni kwamba alikuwa anawatawala madume wenzake na damu yake imekuwa nyingi mno pale kreta. Sitaingia kwenye yale mengine, ila hoja ya damu ni ya kweli popote penye faru wachache. Dume mmoja akishika eneo miaka mingi, mabinti zake wanakua, wanaingia kwenye joto, na dume aliyepo ni baba yao. Ukimuacha unapata uzao wa ndugu kwa ndugu, ukimtoa bila kuleta mwingine majike wanakaa bure na tunarudi kule kule kwa swali la Mama Latifa. Ndo maana Mkomazi waliletewa faru kutoka Czech mwaka 2009 na wengine Uingereza 2012, na Serengeti ikapokea tisa kutoka Afrika Kusini 2019. Watu waliona ni anasa, mi naona ni kazi ya uzazi kabisa, bunduki za askari zinamlinda faru aliyepo ila haziwezi kumzalisha.

Kama hamuwezi kumsogelea, mnajuaje ana mimba? (Asha, kidato cha pili, Kigamboni)

Kinyesi, Asha. Faru wana tabia ya kunya sehemu ile ile kila siku, pale panakuwa kama jalala lao. Mtaalamu anasubiri jike aondoke, anavaa glavu, anachukua kidogo kikiwa bado cha moto, anaweka kwenye kichupa, anaandika jina na saa, anagandisha. Maabara wanapima mabaki ya homoni ya mimba, projesteroni, ikipanda na ikakaa juu wiki hadi wiki basi kuna mtu tumboni. Mnyama hajapigwa sindano, hata hajui kama kuna mtu alipita.