Je, cheti cha kuzamia hakitoshi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina cheti cha awali cha PADI (shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia kwa mtungi wa hewa) nilichokipata Zanzibar mwaka 2016. Majuzi kampuni moja ya hapa Dar es Salaam ilikataa kunipeleka kuzamia kisiwani Mbudya mpaka nijaribiwe kwanza kwenye maji ya kina kifupi. Je, nimedharauliwa? Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Ndugu yangu, hukudharauliwa. Cheti chako hakiishi muda wake, nacho kinakuruhusu kufika mita 18, lakini kinaeleza tu ulichokiweza siku ulipofuzu. Ndiyo maana kampuni makini huuliza ulizamia lini mara ya mwisho, hupitia daftari lako la kumbukumbu, na hukupa fomu ya afya inayouliza habari za pumu, moyo na masikio, ambayo nakusihi uijaze kwa ukweli hata kama itakukosesha safari.

Hata hivyo, karatasi hazisemi mengi kama dakika kumi za kukutazama. Mkufunzi huanza kukupima mkiwa bado kwenye boti: je, unafungua mtungi na kukagua geji ya hewa mwenyewe, au unasubiri kufungiwa kila kitu? Majini atakutaka uingize maji kwenye miwani kisha uyatoe kwa kupuliza kwa pua, na uelee bila kugusa chini, kwa kuwa anayepigapiga mikono na kutibua mchanga humaliza hewa mapema na huvunja matumbawe. Ukiona umesahau, omba somo la kujikumbusha kabla ya siku ya safari.