Kabla ya marumaru, soma hesabu za jengo

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mtu anayenunua fleti kwa mara ya kwanza atangulize nini kati ya mahali ilipo, gharama zake na hali ya jengo lenyewe? Jibu langu ni kwamba atangulize yale asiyoweza kuyabadilisha peke yake baada ya kununua, na katika fleti mambo ya namna hiyo ni mengi kuliko katika nyumba ya kujitegemea. Makabati ya jikoni hubadilishwa, rangi hupakwa upya, hata ukuta wa ndani usiobeba uzito wa jengo huweza kuvunjwa kwa kibali. Lakini barabara inayopita chini ya dirisha, tangi la maji lililo juu ya paa, lifti, majirani na uongozi wa jengo vitabaki kama ulivyovikuta, au vitabadilika kwa uamuzi wa watu wengi ambao wewe ni mmoja wao tu.

Kuhusu mahali, wengi hupima kwa sifa ya mtaa, na sifa hiyo ndiyo inayopandisha bei. Kipimo cha haki, kwa maoni yangu, ni wiki ya kawaida ya mnunuzi mwenyewe. Aandike anakokwenda mara kwa mara, iwe kazini, shuleni kwa watoto, sokoni, hospitali au kwa wazazi wake, kisha asafiri kweli kutoka kwenye jengo hilo kwa saa zilezile atakazosafiri akishahamia. Dakika 45 za ziada kwenda na 45 za kurudi, kwa siku 22 za kazi, ni saa 33 kwa mwezi, yaani zaidi ya siku 4 nzima za kazi za saa 8. Nauli au mafuta ya safari hizo ni sehemu ya gharama ya fleti ingawa hayaandikwi kwenye mkataba wa mauzo. Inawezekana fleti ya mbali ikabaki nafuu hata baada ya hesabu hiyo, hasa kwa mtu anayefanyia kazi nyumbani. Ninachosisitiza ni kwamba hesabu ifanyike, tena kwa safari zake yeye na si kwa maneno ya dalali.

Mtaa uliotulia saa nne asubuhi, wakati ambao madalali hupenda kuonyesha fleti, huenda usikalike saa tatu usiku. Kwa hiyo arudi usiku, arudi mwisho wa wiki, na ikiwezekana arudi mvua ikiwa inanyesha, aone maji yanatuama wapi na kama gari lililoegeshwa ghorofa ya chini linaweza kutoka. Aangalie madirisha yanatazama upande gani, kwa sababu chumba cha kulala kinachotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri, na ukuta wa zege huendelea kutoa joto hilo hadi usiku. Kama mbele ya dirisha kuna kiwanja kitupu, aulize ofisi ya mipango miji pameruhusiwa kujengwa nini, maana mandhari anayoyalipia leo yanaweza kuzibwa na jengo lingine.

Katika gharama, watu huganda kwenye bei na kusahau muda wa mkopo. Chukua mkopo wenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unaorejeshwa kwa kiasi kilekile kila mwezi kwa miaka 20: jumla ya marejesho itakuwa takriban mara 2.64 ya kiasi ulichokopa, na katika rejesho la kwanza zaidi ya asilimia 90 ni riba tupu. Ukichukua mkopo huohuo kwa miaka 15, rejesho la mwezi linapanda kwa takriban asilimia 9 tu, lakini jumla inashuka hadi mara 2.16. Hii ndiyo sababu napendelea mtu anunue fleti ndogo kidogo anayoweza kuilipa haraka kuliko kubwa itakayombana kwa miongo miwili. Juu ya bei kuna pia ushuru wa stempu, gharama za mwanasheria, mthamini na bima, na katika nchi nyingi haya hulipwa taslimu, hayaingii kwenye mkopo. Anayemaliza akiba yake yote kwenye malipo ya awali atajikuta amekabidhiwa funguo bila uwezo wa kuhamia.

Sasa nifike kwenye jengo, ambako naamini ndiko uamuzi wenyewe ulipo. Anayenunua fleti ananunua vyumba pamoja na fungu la paa, ngazi, mabomba makuu, lifti na madeni ya jengo zima. Kila mwezi atalipa ada ya huduma, na watu wengi wakisikia ada ni ndogo hufurahi. Mimi ada ndogo hunitia wasiwasi. Kama inatosha kulipa mlinzi, mfagizi na umeme wa ngazi peke yake, bila chochote kuingia kwenye mfuko wa akiba, basi siku lifti itakapohitaji matengenezo makubwa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea baada ya miaka 20 hadi 25, wamiliki wataitwa kuchanga fedha nyingi kwa mkupuo. Hapo ndipo majirani huanza kugawanyika, maana wa ghorofa ya chini husema lifti haimhusu, mwenye fleti aliyeipangisha hajibu simu, na lifti inakaa miezi imezimwa huku wazee wa ghorofa ya sita wakipanda ngazi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kusifu marumaru, mnunuzi aombe hesabu za jengo za miaka mitatu iliyopita na kumbukumbu za mikutano ya wamiliki. Atafute mambo mawili humo: ni wamiliki wangapi wanadaiwa ada, na ni tatizo gani linalojirudia kutoka mkutano mmoja hadi mwingine. Paa linalovuja likitajwa katika kumbukumbu za miaka mitatu mfululizo, hilo ni paa ambalo hakuna aliyekubali kulilipia. Uongozi unaokataa kuonyesha karatasi hizo umekwisha kujieleza.

Akiwa ndani ya fleti, afungue bomba la jikoni na la kuogea kwa wakati mmoja, kisha avute maji ya choo, aone kama mtiririko unakatika. Hili lina sababu yake. Kimo cha maji cha mita 10 huleta msukumo wa takriban bari 1, kwa hiyo bomba lililo mita 2 tu chini ya tangi la paani hupata takriban bari 0.2, kiasi ambacho huenda kisitoshe hata kuwasha heta ya maji ya kuoga. Ndiyo maana fleti ya ghorofa ya juu kabisa, ambayo mara nyingi huuzwa ghali kwa ajili ya mandhari, inaweza kuwa na maji dhaifu kuliko zote iwapo haina pampu yake. Aulize pia umeme ukikatika jenereta inaendesha nini: taa za ngazi peke yake, au na pampu na lifti? Afungue kabati lililo chini ya sinki na kupapasa ukuta wa nyuma. Rangi mpya katika kona moja tu ya dari, sehemu nyingine yote ya chumba ikiwa na rangi ya zamani, iulizwe sababu.

Ukubwa usikubaliwe kwa kusikia. Baadhi ya wauzaji huhesabu unene wa kuta, baraza na hata fungu la koridoo katika mita za mraba wanazotangaza, kwa hiyo futi kamba ya fundi itamaliza ubishi huo kwa nusu saa.

Kuhusu hati sina mengi, ila hayana mjadala. Mwanasheria awe wa mnunuzi, asiwe aliyeletwa na muuzaji. Mnunuzi aende mwenyewe kwenye msajili wa hati kuhakiki jina la mmiliki, rehani iliyopo, na miaka iliyobaki kama umiliki ni wa muda maalumu, kwa sababu benki nyingi husita kukopesha pale miaka inapokaribia kwisha. Amana isilipwe kwa kupeana mkono, bali kwa makubaliano ya maandishi yanayosema itarejeshwa ikiwa hati itakutwa na dosari au benki ikikataa mkopo, na kwamba muuzaji ataleta barua ya uongozi wa jengo inayothibitisha kuwa hadaiwi ada wala mchango wowote kabla ya jina kubadilishwa.