Maswali ya wasomaji: inteki ya bei ghali ina nini ambacho ya bei rahisi haina?

SWALI: Habari za kazi. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE. Fundi wangu ananishauri nitoe boksi la ekleana (lenye filta ya hewa), nifunge inteki, yaani filta ya koni na bomba lake. Anasema gari litachanganya haraka na litapunguza ulaji wa mafuta. Dukani nimeonyeshwa seti mbili, moja shilingi 75,000 na nyingine 850,000. Kwa macho zinafanana. Tofauti ya bei inatoka wapi, na ninunue ipi? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Kwa IST yako, acha zote mbili. Tunajua si jibu ulilolitegemea, kwa hiyo twende kwa hesabu.

Injini ya lita 1.5 huvuta lita 1.5 za hewa kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni lita 4,500 kwa dakika, na hapo umekanyaga mpaka mwisho. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela uko kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000, na kipepeo cha throtobodi, yaani kimlango cha hewa kinachofunguliwa na pedali, kimefunguka kidogo tu. Kinachoibana hewa wakati huo ni kipepeo, na anayekibana ni mguu wako. Ukifunga filta inayopitisha hewa zaidi, utakanyaga kidogo pungufu ili kupata hewa ile ile. Mafuta hayapungui, kwa sababu kompyuta ya gari hupima hewa iliyoingia na kumwaga petroli kwa uwiano wa karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Filta haiugusi uwiano huo.

Kinachobaki ni nguvu unayopata ukikanyaga mpaka mwisho, na hiyo unaweza kuipima mwenyewe kabla hujatoa senti. Tafuta mrija wa plastiki unaoona ndani, kipenyo cha ndani milimita 6, urefu mita 3. Upinde katikati uwe kama herufi U, uufunge kwenye kipande cha ubao pamoja na rula, kisha mimina maji yanayojaza sentimita 40 tu za mrija. Chomoa mpira wa kupumulia unaotoka kwenye kava ya valvu kwenda bomba la hewa, na mahali pake kwenye bomba chomeka ncha moja ya mrija. Tundu la kava lifunike kwa kitambaa safi. Ncha ya pili iache wazi. Kwenye barabara isiyo na magari, weka gia ndogo na kanyaga mpaka mizunguko 6,000, mwenzako akisoma maji yamepishana sentimita ngapi pande mbili za U. Usiongeze maji zaidi ya hapo: sentimita 40 za mrija huo ni kama mililita 11, na zikivutwa zote ndani hazitaleta madhara.

Sasa soma matokeo. Kila sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1, na presha ya hewa ya pwani ni kama kilopaskali 101. Maana yake kila sentimita 10 ni takribani asilimia 1 ya nguvu. Tuseme umepata sentimita 20. Hata ukiondoa filta, boksi na bomba vyote, usichoweza kuvuka ni asilimia 2. Injini yako ilitoka kiwandani na nguvu farasi 109. Unatafuta farasi wawili, na unawatafuta kwa shilingi 850,000.

Na hao wawili unaweza kuwapoteza kwa joto. Kwenye magari mengi mdomo wa boksi la kiwandani huvuta hewa ya nje, mbele au pembeni ya rejeta. Koni iliyo wazi chini ya boneti huvuta hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Kwenye foleni si ajabu hewa hiyo kufika nyuzi 60, huku nje ni nyuzi 33. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa asilimia 8 kuliko ya 33. Umelipa ili upate asilimia 2, ukapoteza 8. Mlio wa kuvuta utausikia, tena mzuri, na masikio huudhani ni nguvu.

Tofauti ya bei yenyewe ni ya kweli, na iko sehemu tatu. Ya kwanza ni kitambaa au karatasi ya kuchujia: nyingi za bei rahisi zina matundu makubwa, na gundi inayoshika mikunjo kwenye kifuniko cha mpira huachia baada ya miezi michache ya joto. Ya pili ni kikinga joto na bomba linalopeleka filta nje ya chumba cha injini. Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, nayo ni kipenyo cha bomba pale sensa ya hewa inapokaa. Tumeieleza kwenye swali linalofuata.

Ila hata hiyo ya ghali ina hatari yake Dar es Salaam, hasa ile inayoshusha filta nyuma ya bampa. Silinda moja ya 1NZ-FE ina ujazo wa sentimita za ujazo 374, na uwiano wa mgandamizo ni 10.5 kwa 1. Pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 39. Maji hayagandamizwi. Vijiko vitatu vya chakula vikiingia kwenye silinda moja, pistoni inagota na konrodi, yaani mkono unaoisukuma, inapinda. Anayepita Jangwani wakati wa mvua na filta iko chini ya taa anacheza na injini nzima.

Nunua filta halisi ya karatasi, safisha sensa ya hewa, angalia plagi. Chenji itakayobaki kwenye ile 850,000 ni kubwa.

SWALI: Nimeshafunga koni ya bei rahisi kwenye Premio yangu. Wiki ya pili taa ya cheki injini imewaka. Mashine imesoma P0171. Fundi anafuta, inarudi. Sailensa inatoa harufu ya kawaida, lakini gari linakohoa nikikanyaga ghafla. – Msomaji, Morogoro

JIBU: P0171 ni kompyuta inakwambia kuwa petroli ni kidogo kuliko hewa iliyoingia, na imeongeza mpaka imefika kikomo chake. Kuifuta hakusaidii kitu. Tafuta kwanza hewa inapita wapi bila kupimwa, au inapimwa vibaya wapi.

Sensa ya hewa ya Premio ni waya mdogo unaopashwa moto. Hewa inayopita huupoza, na kompyuta hukadiria uzito wa hewa kutokana na umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake. Lakini sensa huonja hewa ya katikati ya bomba tu. Nyingine yote inakisiwa kwa kipenyo ambacho kiwanda kilikijua. Chukua mfano wa bomba la asili lenye milimita 60 kwa ndani na la dukani lenye 63. Milimita 3 kwa jicho si kitu. Eneo la ndani limeongezeka kwa asilimia 10, hewa inapita polepole zaidi mbele ya waya, na sensa inaripoti pungufu kwa karibu kiasi hicho hicho. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye sailensa inagundua na petroli inaongezwa. Ukikanyaga mpaka mwisho, kompyuta haifuati tena sensa hiyo, inategemea hesabu yake. Hapo ndipo injini inapokosa petroli, inakohoa, inapata joto na kugonga. Toa sensa, pima kipenyo cha ndani cha mabomba yote mawili kwa kalipa, si kwa tepu.

Kabla hujalaumu kipenyo, mwambie fundi asome marekebisho ya petroli ya muda mrefu mara mbili: injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa), kisha ikishikiliwa mizunguko 2,500. Kama namba ni kubwa kwenye silensa, tuseme asilimia 20, na inashuka vizuri kwenye 2,500, hewa inaingia baada ya sensa. Angalia klempu na mipira, kisha angalia kosa linaloonekana sana: ule mpira wa kupumulia wa kava ya valvu umechomolewa na kuwekewa kifilta kidogo cha rangi. Unapendeza, lakini kupitia hapo injini inavuta hewa isiyopimwa. Rudisha mpira kwenye bomba, baada ya sensa. Kama namba ni kubwa kote, na inapanda unavyokanyaga zaidi, basi sensa inasoma pungufu au pampu ya mafuta imechoka.

Kama koni yako ni ya kitambaa cha pamba chenye oili, kuna jambo la ziada. Oili iliyozidi husafiri na kuganda kwenye ule waya. Isafishe kwa spreyi maalumu ya sensa ya hewa, usiuguse waya kwa brashi wala kitambaa, wala usitumie spreyi ya kabureta. Acha ikauke angalau dakika 10 kabla ya kuwasha swichi. Unapoirudisha, mshale uliochongwa kwenye sensa uelekee inakokwenda hewa.

Mwisho rudisha boksi la kiwandani, futa kodi ya kosa (ile P0171), endesha kilomita 100 hivi. Marekebisho yakirudi ndani ya asilimia 5 juu au chini, umeshampata mkosaji.

SWALI: Hamjambo. Nina Subaru Forester ya turbo, naishi Nairobi. Nyinyi huwa mnapinga inteki. Hata kwa turbo? – Msomaji, South B

JIBU: Kwa turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, hesabu inabadilika, na mwinuko wenu unaibadilisha zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,795, na presha ya hewa ni kama kilopaskali 82. Turbo ikitakiwa kuongeza kilopaskali 100 juu ya hapo, lazima iizidishe hewa mara 2.2. Filta na bomba vikibana kilopaskali 5, turbo inaanzia 77, na sasa inapaswa kuizidisha karibu mara 2.4. Itazunguka kwa kasi zaidi na kutema hewa ya moto zaidi. Kwa hiyo kwako kupunguza mbano kuna maana, na inteki nzuri inastahili bei yake, lakini kwa sharti moja: gari lityuniwe (hesabu za kompyuta zirekebishwe) mara tu inapofungwa, kipenyo kipya cha sensa kiingizwe kwenye kompyuta, na uwiano wa hewa na petroli upimwe mguu ukiwa chini. Injini hii ya turbo inataka karibu 11 kwa 1 hapo. Ikikosa petroli, kinachovunjika ni ukingo wa pistoni ulio kati ya ringi, na ukiuona moshi wa bluu umechelewa.

Kama huna mpango wa kutyuni, baki na boksi lako na uweke filta bora ya bapa ndani yake. Na ya bei rahisi usiikaribie kabisa kwenye gari hili. Mpira laini kati ya sensa na turbo hunywea turbo inapovuta, na uzi au kipande kikichomoka kinakwenda moja kwa moja kwenye mabawa yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

SWALI: Ni dereva wa utalii, Land Cruiser yenye injini 1HZ. Kazi yangu ni Ngorongoro hadi Serengeti. Bosi anataka snokeli ya bei nafuu. Itanitosha? – Msomaji, Karatu

JIBU: 1HZ haina sensa ya hewa, kwa hiyo habari ya kipenyo isikusumbue. Adui yako ni vumbi la ile barabara, laini kama unga. Snokeli haichuji, inainua tu mdomo wa kuvutia hewa mahali penye vumbi pungufu, na ubora wake uko kwenye maungio na plastiki isiyopasuka kwa jua.

Hata ya bei nafuu unaweza kuipima. Injini ikiwa silensa, ziba mdomo wa snokeli kwa kipande cha ubao chenye mpira, usitumie kiganja. Injini inapaswa kuzima ndani ya sekunde chache. Isipozima, hewa inaingia kwingine, na maji yatapita hapo hapo.

Kipimo cha pili ni cha filta. Paka grisi nyembamba sana, upana wa kidole, ndani ya bomba baada ya filta. Baada ya kilomita 500 ifute kwa karatasi nyeupe na uisugue kati ya vidole. Ikiwa na mchanga, filta haichuji au haikukaa, hata kama imeandikwa jina kubwa. Na wakati wa kuipuliza filta ya karatasi, puliza kutoka ndani kwenda nje, presha isizidi bar 2, pua ya kompresa ikae mbali sentimita 15. Usiigonge kwenye tairi, ukingo unapinda. Kisha tumbukiza tochi ndani yake gizani. Ukiona nukta hata moja ya mwanga mkali, itupe siku hiyo hiyo.